Aljebra ya Nukta na Mistari: Kutoka Berlin hadi Sydney

Mwaka 1937 jarida la Annals of Mathematics la Princeton, Marekani, lilichapisha makala ya kurasa 16 ya Richard Brauer, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Ndani yake mlikuwa na kitu ambacho wasomaji wa hisabati ya ngazi ile hawakuzoea kukikuta: safu mbili za nukta, moja juu na nyingine chini, zilizounganishwa mbili mbili kwa mistari. Brauer aliijumlisha michoro ile na kuizidisha mmoja kwa mwingine kama mtu anavyozidisha namba. Kwa njia hiyo aliliingia upya, kwa mlango mwingine, swali ambalo mwalimu wake wa Berlin alikuwa amelitatua kwa kalkulasi nzito miaka 13 kabla.

Kisha makala ikalala. Kwa karibu nusu karne waliojitosa kuichimba walikuwa wa kuhesabika. Wengine waliitaja na kupita. Ilipofika miaka ya 1980, watu waliokuwa wakichunguza mafundo ya kamba, jambo lisilofanana kabisa na lile alilolitafuta Brauer, wakajikuta wameshika michoro ile ile mikononi. Nitaieleza safari hiyo kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna hisabati nzuri ambayo mtu yeyote mwenye penseli anaweza kuigusa, na mna watu ambao maisha yao yalivunjwa huku kazi yao ikiendelea.

Tuanze na kundi la mageuzo ambalo swali hilo lilihusu. Shika kitu chochote kigumu, ukizungushe utakavyo bila kuhamisha kitovu chake, au ukitazame kwenye kioo. Urefu wa kila kipande unabaki ule ule, na pembe kati ya kipande na kipande inabaki ile ile. Mageuzo yote ya namna hiyo, mizunguko pamoja na taswira za kioo, huunda kundi: ukifanya moja kisha jingine unapata la tatu lililomo humo humo, na kila moja lina la kulitangua. Hilo ndilo kundi la othogonali. Kwa nafasi yetu ya dimensheni 3 huandikwa O(3). Kwa nafasi ya dimensheni n huandikwa O(n).

Vitu vinavyopimwa hubadilika kwa kanuni maalumu pale mihimili ya vipimo inapozungushwa. Nadharia ya uwakilishi huuliza kanuni hizo ni zipi, na zipi kati yake ni za msingi, zisizogawanyika tena. Chukua kipande cha chuma kinachovutwa. Jinsi kila sehemu yake inavyosogea kidogo ukilinganisha na sehemu ya jirani huelezwa kwa jedwali la namba 9, safu 3 kwa 3. Zungusha mihimili, namba zote 9 zitachanganyikana na kubadilika. Hata hivyo jumla ya zile 3 za ulalo haitikisiki. Hiyo hupima kutanuka kwa ujazo. Sehemu ya jedwali inayogeuza alama pale mistari na safu zinapobadilishana ina namba 3, na hizo huchanganyikana zenyewe kwa zenyewe, zinaeleza kuzunguka. Kinachobaki ni jedwali linganifu ambalo jumla ya ulalo wake ni sifuri. Hilo lina namba 5, nazo zinaeleza kubadilika kwa umbo. Tisa imekuwa 5, 3 na 1, na hakuna namna ya kuigawa zaidi. Kama kundi letu lingekuwa pana, likiruhusu pia kunyoosha na kusukuma kimshazari, jedwali lililoundwa kwa vekta mbili lingegawanyika kuwa 6 na 3 tu. Ni kundi la othogonali linaloipasua ile 6 kuwa 5 na 1. Yote yatakayofuata yanatoka kwenye mpasuko huo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 maswali ya namna hii yalikuwa na makao yake Berlin. Ferdinand Georg Frobenius alikuwa ameianzisha mwaka 1896 nadharia ya herufi za makundi, yaani namba zinazoutambulisha kila uwakilishi wa kundi. Mwanafunzi wake Issai Schur, aliyezaliwa mwaka 1875 mjini Mogilev katika dola ya Urusi ya wakati huo, alitetea tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1901. Ndani ya tasnifu hiyo mlikuwa na wazo ambalo yeye mwenyewe alilirudia na kulisafisha mwaka 1927. Ukizidisha vekta kadhaa kwa pamoja, tuseme r, unapata tensa ya daraja la r. Kundi la mageuzo yote ya mstari hufanya kazi juu ya tensa hizo kutoka upande mmoja. Upande wa pili mna kazi nyingine nyepesi zaidi: kuzipanga upya zile nafasi r, ya kwanza ihamie ya tatu, ya tatu ihamie ya pili, na kadhalika. Pande hizi mbili hazigongani, na kila kisichogongana na upande mmoja kimetengenezwa kwa vifaa vya upande wa pili. Kwa hiyo aliyeuelewa upangaji wa nafasi ameshazielewa matriki, yaani mageuzo hayo ya mstari. Na upangaji ulikuwa umeeleweka vizuri: Frobenius alikuwa ameushughulikia, na huko Uingereza Alfred Young, aliyekuja kuwa mchungaji wa parokia ya kijijini Birdbrook, Essex, alikuwa amebuni majedwali ya visanduku ambayo mpaka leo yana jina lake.

Njia hiyo nzuri ilikwama kwenye kundi la othogonali. Kundi hili ni dogo kuliko kundi la matriki zote, na kundi linapopungua, vitu vinavyokubaliana nalo huongezeka. Jedwali letu la namba 9 linaonyesha hivyo: kitendo cha kuchukua jumla ya ulalo kinakubaliana na mizunguko, lakini hakitokani na kupanga nafasi upya. Mwaka 1924 Schur alizunguka kikwazo hicho kwa kalkulasi ya integrali. Alichukua wastani juu ya kundi zima, mbinu ambayo Adolf Hurwitz aliianzisha mwaka 1897, akazipata herufi zote za kundi la othogonali. Jibu lilikuwa sahihi, ila lilikuwa limepatikana kwa uchambuzi, na Schur alitaka kuona kama aljebra peke yake ingeweza kufika pale pale. Swali hilo alimkabidhi Richard Brauer.

Brauer alizaliwa tarehe 10 Februari 1901 Charlottenburg, Berlin, mtoto wa mfanyabiashara wa ngozi. Kaka yake Alfred, aliyemtangulia kwa miaka 7, naye alikuwa mwanahisabati na mwanafunzi wa Schur. Ndugu hawa wawili waliwahi kulitatua fumbo moja la Schur kuhusu polinomia lililotolewa kwenye semina, na Heinz Hopf naye akalitatua wakati huo huo. Wote watatu wakaandika makala moja pamoja. Tasnifu ya Richard kuhusu uwakilishi wa kundi la mizunguko ilikamilika mwaka 1926, na ilifanya kile Schur alichokitaka: herufi za mizunguko kwa njia ya aljebra, bila integrali. Alikuwa na miaka 25. Mbegu ya makala ya 1937 iko humo, ingawa michoro haikuwa imezaliwa.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kazi Chuo Kikuu cha Königsberg, mji wa Kant, ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi. Idara ya hisabati ilikuwa ndogo, na mmoja wa maprofesa wake alikuwa Kurt Reidemeister, aliyefika mwaka 1925, sawa na Brauer. Reidemeister alikuwa akichunguza mafundo. Alithibitisha kwamba michoro miwili ya fundo moja inaweza kufikishana kwa hatua za aina 3 tu, zinazorudiwa mara nyingi zipendavyo, na mwaka 1932 akatoa kitabu cha kwanza cha nadharia ya mafundo. Brauer akishughulika na mizunguko na Reidemeister na mafundo, walifanya kazi katika idara moja kwa miaka kama 8, na hakuna aliyejua kuwa kazi zao zingekutana baada ya wote wawili kufariki.

Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya watumishi wa umma, na Wayahudi wakaanza kufukuzwa vyuoni. Brauer alipoteza kazi. Reidemeister, ambaye hakuwa Myahudi, naye aliondolewa Königsberg kwa kuwapinga Wanazi. Kamati ya dharura iliyoundwa Marekani kuwasaidia wanazuoni waliofukuzwa, pamoja na michango ya jumuiya ya Wayahudi wa mji wa Lexington, iliwezesha Chuo Kikuu cha Kentucky kumpokea Brauer kwa mwaka mmoja. Alifika Novemba 1933 akiwa na Kiingereza kidogo sana. Mkewe Ilse, mwanahisabati aliyekuwa amesoma naye, alimfuata na watoto wao wawili miezi kadhaa baadaye. Kaka yake Alfred alifanikiwa kutoka mwaka 1939. Dada yao alibaki, na aliuawa katika kambi ya maangamizi.

Mwaka wa masomo wa 1934 hadi 1935 Brauer aliutumia Princeton, katika Taasisi ya Masomo ya Juu, akiwa msaidizi wa Hermann Weyl. Huyu naye alikuwa ameikimbia Ujerumani mwaka 1933, akiacha kiti cha profesa Göttingen, kwa kuwa mke wake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Kwa Brauer mwaka ule ulikuwa wa neema. Pamoja na Weyl aliandika makala ya mwaka 1935 kuhusu spinori katika dimensheni n, vitu ambavyo Élie Cartan alikuwa amevigundua mwaka 1913 na ambavyo fizikia ya elektroni ilikuwa imevihitaji ghafla. Weyl alikuwa akiwaza kitabu kikubwa kuhusu makundi ya klasiki ya hisabati, na swali la kundi la othogonali lilikuwa mezani kila siku. Vuli ya 1935 Brauer alihamia Toronto, na huko ndiko alikoandika makala yenye michoro.

Sasa tuikaribie michoro yenyewe, maana wazo lake ni jepesi kiasi cha kushangaza. Chukua vekta kadhaa na utafute namba zinazoweza kutengenezwa nazo ambazo hazibadiliki kundi la othogonali linapozizungusha. Thiorema ya msingi inasema zote hujengwa kwa zao la skala la vekta mbili mbili, yaani urefu wa moja mara urefu wa nyingine mara kosini ya pembe iliyo kati yao. Hakuna nyingine iliyofichika. Brauer akasema hivi: kitendo juu ya tensa za daraja la r kinachokubaliana na kundi ni sawa na namba isiyobadilika yenye vekta 2r, r za kuingilia na r za kutokea. Namba hiyo ni jumla ya mazao ya vekta mbili mbili. Basi linalobaki kusemwa ni vekta ipi imepewa mwenzake yupi. Weka nukta r juu, nukta r chini, unganisha kila nukta na mwenzake. Kuna mistari inayoshuka kutoka juu hadi chini, na hiyo ndiyo upangaji wa Schur. Na kuna matao yanayounganisha nukta mbili za safu moja, ambayo Schur hakuwa nayo.

Idadi ya michoro ni rahisi kuipata. Nukta ya kwanza ina wenzake 2r − 1 wa kuchagua. Wawili hao wakiondoka, inayofuata ina 2r − 3, na kuendelea mpaka 1. Kwa r = 1 mchoro ni 1; kwa 2 ni 3; kwa 3 ni 15; kwa 4 ni 105; kwa 5 ni 945.

Kuzidisha ni kubandika. Mchoro mmoja unawekwa juu ya mwingine, nukta za chini za ule wa juu zikutane na nukta za juu za ule wa chini, kisha unaifuata mistari kuona nani ameungana na nani. Wakati mwingine matao mawili hukutana katikati na kufanya kitanzi kisichounganika na nukta yoyote ya nje. Kitanzi hicho kinafutwa, na badala yake unazidisha kwa n. Kwa nini n? Kwa sababu kitanzi maana yake ni kujumlisha ulalo wa matriki ya utambulisho, yaani 1 mara n.

Kwa r = 2 kuna michoro mitatu: mistari miwili iliyonyooka, mistari miwili inayopishana, na tao juu likiwa na tao chini. Zidisha huo wa tatu kwa wenyewe. Tao la chini la nakala ya kwanza linakutana na tao la juu la nakala ya pili, kitanzi kinatokea, na jibu ni n mara mchoro ule ule. Ukiugawa kwa n unapata kitendo ambacho kikifanywa mara mbili ni sawa na kufanywa mara moja: ndicho kinachoitenga jumla ya ulalo na vilivyobaki. Mchoro unaopishana nao unatenganisha sehemu linganifu na ile inayogeuza alama. Kwa n = 3 tumeipata tena 5, 3 na 1, bila integrali hata moja na bila kuandika matriki. Mimi nadhani ukurasa wowote wa hisabati unaofanya kazi kubwa hivi kwa wino mdogo hivi unastahili kufundishwa mapema zaidi kuliko unavyofundishwa.

Katika makala ile ile Brauer alionyesha kwamba kundi jingine, lile ambalo Weyl alilipa jina la simplektiki, linatumia michoro hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kitanzi kinalipwa kwa namba hasi, pamoja na marekebisho ya alama. Kundi la simplektiki la dimensheni 2m linakuwa kana kwamba ni kundi la othogonali la dimensheni −2m. Roger Penrose alilirudia wazo la dimensheni hasi mwaka 1971, akiwa na michoro yake mwenyewe.

Mpaka hapo kila kitu ni safi. Ugumu unaanza daraja la tensa linapoipita dimensheni. Juu ya karatasi bapa vekta 3 haziwezi kusimama zikiwa huru. Moja lazima itegemee nyingine mbili. Kwa hiyo ukichukua vekta 3 za kwanza na vekta 3 za pili, ukapanga mazao yao ya skala katika jedwali la 3 kwa 3, determinanta ya jedwali hilo ni sifuri siku zote. Ukiifungua determinanta hiyo unapata mazao 6, na kila zao ni mchoro. Maana yake ni kwamba katika dimensheni 2 kuna michanganyiko ya michoro ya daraja la 3 ambayo kwenye karatasi ni kitu, lakini kwenye tensa si chochote. Tuhesabu: michoro ni 15, ila vitendo huru vinavyotoka humo ni 10. Pungufu ni 5. Katika dimensheni 3 na daraja la 4, michoro 105 inatoa vitendo 91, pungufu 14. Katika dimensheni 1 na daraja la 2, michoro 3 inatoa kitendo 1, pungufu 2.

Namba hizo, 2, 5 na 14, ni namba za Catalan. Ndizo zinazohesabu michoro ya Brauer ambayo mistari yake haikatani kabisa: ya nukta 2 kwa 2 ni 2, ya 3 kwa 3 ni 5, ya 4 kwa 4 ni 14. Kinachopotea mara ya kwanza daraja linapoivuka dimensheni ni sawasawa na idadi ya michoro isiyokatana ya daraja hilo, na hivyo ndivyo ilivyo kwa kila n.

Upotevu huu ndio uliomfanya kila mtu asite. Aljebra ya michoro ya n kamili ni kubwa kuliko kile kundi linachokionyesha, na sehemu hiyo ya ziada ina tabia mbaya: haigawanyiki kikamilifu kuwa vipande vya msingi. Weyl alipochapisha kitabu chake The Classical Groups mwaka 1939, kwa Kiingereza ambacho hakukizoea na alichokilalamikia kwenye utangulizi, aliieleza aljebra ya Brauer lakini akaziainisha kanuni za msingi za kundi la othogonali kwa njia ya pembeni, kwa kutumia tensa ambazo kila jumla ya ulalo ndani yake ni sifuri. Njia ya Weyl inafanya kazi na ni nzuri. Kanuni yake inasema majedwali ya Young yanayokubalika ni yale ambayo safu wima mbili za kwanza zikijumlishwa hazizidi n. Lakini kwa kuipendelea njia hiyo, kitabu kilichosomwa na kila mtu kiliwaonyesha wasomaji namna ya kuikwepa michoro, na wasomaji wakaikwepa. Naiona hiyo kuwa sababu kubwa ya usingizi ule, kuliko ugumu wenyewe.

Schur hakuiona sehemu kubwa ya haya. Alifukuzwa Berlin mwaka 1933, akarudishwa kwa muda baada ya mwenzake Erhard Schmidt kumtetea, akaondolewa moja kwa moja mwaka 1935. Mwaka 1938 alilazimishwa kujitoa katika Chuo cha Sayansi cha Prussia, na mwaka uliofuata akahamia Palestina akiwa mgonjwa na maskini. Alifariki Tel Aviv tarehe 10 Januari 1941, siku aliyotimiza miaka 66. Mtu ambaye kumbi zake za mihadhara zilikuwa kati ya zilizojaa kuliko zote Ujerumani aliondoka bila nchi yake kumuaga.

Brauer mwenyewe aligeukia mambo mengine. Kutoka Toronto alikwenda Michigan mwaka 1948, kisha Harvard mwaka 1952, na nguvu zake zote akazipeleka kwenye makundi yenye idadi ya vitu iliyo na kikomo, kazi iliyofungua njia ya uainishaji mkubwa wa makundi hayo. Alifariki Aprili 1977. Katika miaka 40 baada ya makala yake, aliyejaribu kwa dhati kuipasua aljebra ile ni William Brown, aliyeandika mwaka 1955 na 1956, akaonyesha baadhi ya hali ambazo inagawanyika vizuri. Baada yake, kimya.

Kimya hicho kilivunjwa na watu wa nje. Mwaka 1971 wanafizikia Neville Temperley na Elliott Lieb, wakihesabu mifumo ya chembe zilizopangwa juu ya gridi, walitumia aljebra ambayo ukiichora ni michoro ya Brauer isiyokatana, zile 2, 5 na 14 zetu. Wao hawakuichora hivyo. Vaughan Jones, mtoto wa Gisborne, New Zealand, aliifikia aljebra hiyo hiyo kutoka pembe nyingine kabisa, akiwa katika nadharia ya aljebra za von Neumann. Mei 1984 alikutana New York na Joan Birman, bingwa wa misuko na mafundo, na mazungumzo yao yakamfikisha kwenye polinomia mpya ya mafundo. Uga ulikuwa umekaa zaidi ya nusu karne bila kitu cha namna hiyo. Mwaka 1990, kule Kyoto, Jones alipewa Medali ya Fields.

Polinomia nyingine zilifuata upesi. Ile ya Louis Kauffman yenye vigezo viwili ilihitaji aljebra yake, na ikaipata kutoka kwa Birman na Hans Wenzl upande mmoja, na Jun Murakami upande wa pili. Michoro ya aljebra hiyo ni ya nukta na mistari, ila kila mahali mistari miwili inapokatana lazima useme upi umepita juu na upi chini, kama ilivyo kwenye kamba. Sahau tofauti ya juu na chini, na unachobaki nacho ni aljebra ya Brauer, michoro 3, 15, 105, bila kupungua wala kuzidi. Hatua za Reidemeister ndizo zilizokuwa sheria za kuthibitisha kwamba hesabu inakwenda sawa. Idara ya Königsberg ilikuwa imekutana tena.

Wenzl, aliyekuwa mwanafunzi wa Jones, alirudi na silaha hizo mpya hadi kwenye makala ya 1937. Mwaka 1988, katika Annals of Mathematics, jarida lile lile, alithibitisha jambo lililoligeuza swali zima. Namba inayolipa kitanzi si lazima iwe dimensheni. Unaweza kuweka namba yoyote. Wenzl alionyesha kwamba isipokuwa namba kamili, aljebra ya Brauer inagawanyika kikamilifu kwa kila daraja. Tabia mbaya yote imejificha kwenye namba kamili tu, yaani pale pale ambapo makundi halisi, ya othogonali na ya simplektiki, yanaishi. Kuanzia hapo ilieleweka kwamba ugumu ulioonwa na Brauer, Weyl na Brown ulikuwa alama ya kundi lenyewe. Kila namba kamili inapovunja aljebra, inaivunja kwa sababu kuna nafasi ya kweli ambayo vekta zake zimekosa pa kusimama.

Kilichofuata ni kuchunguza jinsi inavyovunjika. Phil Hanlon na David Wales walifanya hesabu ndefu za hali hizo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1996 John Graham na Gus Lehrer walitoa mfumo wa jumla wa aljebra zinazojengwa kwa vyumba vilivyopangwa kwa ngazi, na aljebra ya Brauer ikawa mmoja wa mifano yao ya kwanza. Ngazi zake ni idadi ya mistari inayovuka kutoka juu hadi chini: unapobandika mchoro juu ya mchoro, mistari hiyo inaweza kupungua lakini haiongezeki kamwe. Mwaka 2009 Anton Cox, Maud De Visscher na Paul Martin walieleza ni vipande vipi vinavyoshikamana aljebra inapokataa kugawanyika.

Na mwaka 2012 Lehrer na Ruibin Zhang, wote wa Chuo Kikuu cha Sydney, walilifunga swali la vilivyopotea. Tulisema kwamba daraja linapoipita dimensheni, michanganyiko fulani ya michoro inakuwa si chochote. Kadiri daraja linavyopanda, michanganyiko hiyo huongezeka bila kikomo, na mtu angetarajia orodha ndefu ya sheria za kuieleza. Walithibitisha kwamba yote huzaliwa na mchanganyiko mmoja tu wa daraja la n + 1, ambao uliandikwa wazi katika makala yao. Uzidishe kwa michoro mingine kutoka juu na kutoka chini, utapata kila kilichopotea. Makala hiyo nayo ilitoka katika Annals of Mathematics, miaka 75 baada ya ile ya Brauer.

Walimu wa hisabati wa vyuo vyetu wanaosoma haya nawasihi waijaribu michoro hii darasani kabla ya kuingia kwenye nadharia nzito ya makundi, maana haihitaji zaidi ya ubao na chaki. Na mwanafunzi anayetaka kuanza leo achore michoro yote 15 ya nukta 3 kwa 3, achague n = 2, aandike determinanta ya mazao ya skala ya vekta 3 kwa vekta 3, kisha azigeuze nukta juu na chini mpaka azipate zile sheria 5.